Jogoo Aliyenitoa Kwenye Ridhaa

Barua ilisema nimelipwa.

Malipo yenyewe yalikuwa jogoo mmoja mwekundu.

Na kwa sababu ya jogoo huyo, jina langu lilifutwa kwenye orodha ya waendeshaji baiskeli wa ridhaa, wiki mbili kabla ya mbio kubwa kuliko zote maishani mwangu.

Waliojua habari za jogoo huyo, ametoka kwa nani na kwa nini, walikuwa, kwa hesabu yangu, watu wanne tu. Mimi. Mke wangu. Mama mkwe. Na rafiki yangu Nchagwa.

Sasa niambie, wewe ungemshuku nani?

Ngoja nikupeleke mwanzo. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu ya binti yangu, kwa hivyo nivumilie.

Mwaka ni 1996. Mji ni Migori. Mimi ni Mokaya, Mkisii niliyeshuka huko kutafuta riziki, fundi wa baiskeli karibu na soko. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mke anaitwa Bonareri, binti mmoja anaitwa Sheila, na elimu ya darasa la nne.

Hilo darasa la nne lilikuwa linaniuma kama msumari ndani ya kiatu.

Kwa hivyo Jumanne na Alhamisi jioni, nikishafunga kibanda, naosha grisi kwa sabuni ya unga, navaa tai, naenda masomo ya watu wazima. Ngumbaru, kama watu walivyoita.

"Fundi, hiyo tai inashikilia nini?" vijana wa boda boda walinipigia kelele. "Kichwa kisianguke?"

Sikuwajibu. Mtu anayesoma hajibizani barabarani.

Sasa, miaka hiyo, pamoja na nguo za mitumba, zilianza kuja baiskeli ndogo. BMX. Tairi nene zenye meno, hazina keria, hazina kengele. Vijana wa boda boda, waliozoea kubeba abiria na magunia kwa baiskeli kubwa za Black Mamba, walizicheka sana.

"Hii inabeba nani, fundi? Kuku?"

Kumbuka hilo neno.

Kulikuwa na wapenda baiskeli wa Homa Bay waliounda chama cha mbio. Walichukua mashimo ya zamani ya kuchimba murram, wakajenga matuta na kona. Waendeshaji wanane wanasimama juu ya kilima, ubao unaanguka mbele yao, na kabla ya dakika moja kwisha mambo yameisha. Ndani ya dakika hiyo unaweza kupata kikombe au kupoteza meno.

Madaraja yalikuwa mawili. Ridhaa, ambako unashinda unapewa kikombe na mkono. Na kulipwa, ambako unavaa jezi ya mdhamini na kula jasho lako.

Kupanda, ulihitaji kushinda mbio tano za ridhaa. Ukishapanda, hushuki tena.

Na kulikuwa na kanuni moja, imebandikwa kila uwanja: mwendeshaji wa ridhaa hapokei kitu chochote cha thamani kwa sababu ya kushinda. Si pesa, si blanketi, si sufuria.

Mimi nilikuwa na ushindi nne. Wa tano niliutaka Homa Bay, mwezi wa sita, kwa sababu mfanyabiashara fulani wa Kisumu alikuwa ametangaza atamchukua mwendeshaji mmoja mpya siku hiyo.

Fundi wa ngumbaru, alipwe kwa kuendesha baiskeli! Nilikuwa siwezi kulala nikifikiria.

Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Nchagwa. Mkuria wa upande wa Kehancha, mtu wa boda boda, miaka ishirini na mitano, mapaja kama nguzo za daraja. Baiskeli yake niliiunga mimi kwa mikono yangu. Alikuwa na ushindi mbili. Kusoma hakujua hata herufi. Kwake barua ilikuwa karatasi ya kuwashia jiko.

Ushindi wangu wa nne niliupata Rongo, Jumapili moja mwezi wa nne. Baada ya mbio, mimi na Nchagwa tukapitia kwa wakwe zangu, juu kidogo, upande wa Kisii. Bonareri alikuwa huko tangu Ijumaa akimsaidia mamake kupalilia mahindi.

Kwetu mtu hashikani mkono na mama mkwe. Hata kutazamana ni kwa kuiba. Mama mkwe wangu, Mong'ina Nyamusi, alitoka na jogoo mwekundu amefungwa miguu. Akamweka kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua tano, akamwambia Bonareri:

"Mwambie mwenye baiskeli ya mtoto, nimesikia amewashinda wanaume."

Niliifikiria kanuni? Niliifikiria. Kwa muda ambao jogoo anatikisa manyoya.

"Si pesa hii," Nchagwa akaninong'oneza. "Ni kuku. Chukua, mama anangoja."

Na kweli, ni nani anayekataa jogoo wa mama mkwe? Nikamfunga kwenye usukani. BMX ikabeba kuku mpaka Migori.

Sikumchinja. Alikuwa mzuri mno. Nikamwacha atembee uani.

Alhamisi yake, mwalimu wetu, Mwalimu Orpah, alitufundisha barua rasmi. Mama wa Kijaluo, miwani nene, hana mchezo.

"Andikeni kwa ofisi ya kweli," alisema, "na muombe kitu mnachokitaka kweli. Sitaki barua za kuomba mwezi ushuke."

Mmoja akamwandikia chifu. Mwingine hospitali. Nusu ukurasa, wamechoka. Mimi nilijaza fulskapu mbili, mwandiko wangu wa kulala, herufi zote zimeinama upande mmoja, nikakabidhi wa mwisho.

Wiki iliyofuata nilipita karibu na posta. Nikamwona Nchagwa amesimamisha Black Mamba yake, na nyuma yake anashuka Mwalimu Orpah, bahasha ya kaki mkononi. Nchagwa aliponiona, akageuza uso kama mtu aliyeona askari.

Sikutilia maanani.

Nilitilia maanani siku barua ilipokuja.

Ilikuja kwa sanduku la posta la kanisa letu la Sabato. Mistari minne ya taipu: "Kufuatia barua tuliyopokea kuhusu jogoo uliyetuzwa kwa ushindi wa Rongo, jina lako limeondolewa katika orodha ya ridhaa. Fika ofisini Homa Bay siku ya mbio, saa tatu asubuhi, kwa maelezo zaidi. Caleb, Katibu."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaisoma nikiwa nimeketi kwenye ndoo yangu ya kibandani.

Nikakimbilia simu ya posta, nikampigia huyo Caleb.

"Nani aliandika?" nikamuuliza.

"Mambo ya barua hatuyazungumzi kwa simu, omera, ndugu yangu. Wewe kuja tu. Lakini huyo mwandishi wako anajua Kiswahili, ala! Kamati yote ilisimamisha chai."

Anajua Kiswahili.

Basi si mama mkwe. Si Bonareri, ambaye barua zake zote huanza "Salamu nyingi kama mchanga." Nchagwa hajui kuandika.

Lakini Nchagwa anaweza kuandikiwa.

Jumanne nikaenda darasani na macho makali. Nilipoingia, Mwalimu Orpah akatabasamu. Mwalimu Orpah, ambaye hajawahi kutabasamu tangu uhuru!

"Mokaya," akasema polepole, "Homa Bay hawajasema kitu?"

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Habari za barua sikuwa nimemwambia hata paka.

"Mwalimu amejuaje kuna kitu cha kusemwa?"

"Mimi nina njia zangu," akacheka.

Nikakumbuka posta. Bahasha ya kaki. Uso uliogeuzwa. Kila kitu kikaingia mahali pake kama spoki kwenye ringi.

Nchagwa ana ushindi mbili, mimi nne. Nikiondoka kwenye ridhaa, nani anabaki bingwa wa Migori? Nikaokota kalamu yangu, nikatoka. Niliapa sitarudi darasani tena.

Asubuhi nikamkuta Nchagwa kwenye stage ya boda boda, wenzake wote wapo.

"Ulimpeleka mwalimu posta?"

"Nilimpeleka."

"Barua ilikuwa ya Homa Bay?"

Akakuna shingo. "Ilikuwa ya Homa Bay. Lakini mwalimu alisema nisiseme."

"Nisiseme!" Nikawageukia watu. "Mmesikia? Ndugu yangu niliyemuunganishia baiskeli bure!"

"Mokaya, poa kwanza. Wewe ngoja hiyo siku ya..."

"Nyinyi Wakuria mmezoea kuiba ng'ombe," nikasema. "Sasa mmeanza kuiba na mbio."

Stage nzima ikatugeukia. Hata aliyekuwa anapiga pampu aliacha.

Nchagwa hakunigusa. Angenivunja, lakini hakunigusa. Alinitazama tu, akapanda baiskeli yake, akaenda.

Nami nikaona kuondoka kwake ni ushahidi.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu aliyeamini yeye ni mwerevu. Nilijiambia: kama jogoo ndiye kosa, nikimrudisha, kosa limekwisha. Nitasimama mbele ya kamati niseme sikupokea kitu.

"Baba Sheila," Bonareri akaniambia, taratibu kama anayeongea na mlevi, "hicho kitu usifanye."

"Ni jogoo tu."

"Si jogoo tu. Wewe ni Mkisii ama ulizaliwa Ulaya?"

"Kwanza wewe ulimwambia nani?"

Alinitazama vile vile alivyonitazama Nchagwa.

Nikamfunga jogoo kwenye usukani, nikapanda mpaka kwa wakwe. Nikamweka kwenye nyasi pale pale. Nikarudi nyuma hatua tano.

Mong'ina Nyamusi akatoka. Hakuongea na mimi. Aliongea na jogoo.

"Karibu nyumbani, bwana. Wamekukataa?" Akainama, akamfungua miguu. "Haya. Na binti yangu, watamrudisha siku gani?"

Nikageuza BMX, usukani mtupu, nikashuka.

Niliporudi Migori, Bonareri alikuwa amefunga nguo zake na za Sheila kwenye leso.

"Umerudisha kimoja," akasema, "acha nikusaidie kurudisha kingine."

Nikabaki na kibanda, tai, na BMX. Mwalimu Orpah alituma watu mara mbili nirudi darasani. Nilimjibu kwamba amenifundisha vya kutosha.

Siku ya mbio ikafika.

Jua la Homa Bay lilikuwa la kuchagua nani afe. Uwanja ulikuwa chini ya kilima cha Asego, vumbi jekundu, watu wamejaa mpaka juu ya matuta. Nchagwa nilimwona kwa mbali akikaza pedali. Hakuinua kichwa.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la spea, harufu ya dagaa wa omena inaingia kwa dirisha. Caleb alikuwa mtu mnene, mpole, rula mkononi.

"Omera, keti."

"Sikai. Nataka kumjua aliyenishtaki."

"Aliyekushtaki?"

"Aliyeandika habari za jogoo. Ninamjua, lakini nataka kuona kwa macho."

Caleb akanitazama kama mtu anayepima homa. Akafungua faili, akanisukumia karatasi mbili.

Fulskapu. Mwandiko wa kulala.

Nikavuta kiti, nikakaa bila kuambiwa tena.

Nikasoma: "Kwa heshima na taadhima naomba kupandishwa hadi daraja la kulipwa bila kungoja ushindi wa tano. Sababu ni kwamba uwezo wangu umewapita kwa mbali wenzangu wote wa ridhaa, ambao nawahurumia. Hata mama mkwe wangu, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alinituza jogoo mwekundu wa kimo cha kuridhisha kwa ushindi wangu wa Rongo..."

Kurasa mbili. Mimi, mimi, mimi.

Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: "9/10. Kazi bora. Hii nimeona itumwe. Punguza kujisifu."

Lilikuwa zoezi langu. Zoezi la darasani! Sikuwahi kufikiri karatasi ya ngumbaru inaweza kutoka nje ya mlango na kupanda gari la barua.

"Sasa wewe unalia kwa nini?" Caleb akauliza. "Kamati ilicheka siku nzima. Halafu mwenyekiti akasema, watu wote hupokea vitu na kuficha, huyu peke yake amesema. Kanuni ni kanuni, umepokea, basi wewe si wa ridhaa tena. Tukakupandisha. Si ndiyo uliomba?"

"Kwa nini hamkuandika hivyo?"

"Tuliandika 'maelezo zaidi.' Karani wetu hapigi taipu zaidi ya mistari minne."

Akanipa fomu. Nikatia sahihi. Mwandiko ulilala vizuri.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwendeshaji wa kulipwa, nikiwa mtu mwenye huzuni kuliko wote Homa Bay.

Mbio za ridhaa ndizo zilizoanza. Nchagwa alishinda, ushindi wake wa tatu. Watu wa Migori wakambeba mabegani. Mahali pangu kwenye mabega hayo palikuwa wazi, na hakuna aliyenitafuta.

Kisha tukaitwa wa kulipwa. Nikasimama juu ya kilima na vijana saba, jezi zao zinang'aa, mimi na shati la kanisani na tai yangu.

"Mzee, shikilia tai," mmoja akanitania.

Ubao ukaanguka. Tuta la kwanza nililiruka vizuri. La pili lilinirusha lenyewe. Kwenye kona ya tatu nilikuwa nakula vumbi la watu saba, na ladha yake naikumbuka mpaka leo.

Nilimaliza wa nane kati ya wanane.

Lakini wa nane wa kulipwa. Hilo andikeni.

Yule mfanyabiashara wa Kisumu alimchukua mtu mwingine. Kwa hivyo nikawa mtu wa kulipwa asiye na wa kumlipa, na ridhaa siwezi kurudi. Niliendesha misimu miwili. Malipo niliyopata kwa jumla ni kreti moja ya soda.

Ila siku ile sikuwa nawaza soda.

Kesho yake nilipanda kwa wakwe na mbuzi jike. Nikamfunga langoni, nikarudi nyuma, safari hii hatua kumi. Mong'ina Nyamusi akatoka, akamtazama mbuzi.

"Umechelewa," akamwambia mbuzi. "Jogoo tulishamla. Alikuwa mtamu. Lakini wewe ingia, kosa si lako."

Nyuma yake Bonareri akatokea, leso begani, Sheila mkononi.

"Ulimpata mwandishi?" akaniuliza.

"Nilimpata."

"Ni nani?"

Nikamwambia. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi, na mama mkwe, nyuma ya mlango, nikasikia anakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mwalimu Orpah aliniambia alitaka iwe zawadi ya ghafla. "Nilikuwa naringa na wewe," akasema. "Miaka sita nafundisha, sijapata barua kama ile." Nikainamisha kichwa. Nikarudi kwenye dawati langu.

Alibaki mmoja.

Nilimfuata Nchagwa mpaka stage. Nikamwambia anisamehe. Hakuacha kufuta ringi yake.

"Pole ya mdomo sitaki," akasema. "Wewe si unajua kuandika? Andika."

"Nchagwa, lakini wewe husomi."

"Ndiyo maana utanisomea. Ulinitukana mbele ya watu hawa. Soma mbele ya watu hawa."

Niliandika siku tatu. Nilichana karatasi nyingi kuliko nilizomaliza. Ilitoka nusu ukurasa, na sikumpa mwalimu asahihishe.

Nikavaa tai. Nikasimama stage saa nne asubuhi, soko limejaa. Nikasoma kwamba nilimshuku rafiki yangu kwa barua niliyoandika mwenyewe. Kwamba alinyamaza kwa sababu alitunza siri ya furaha yangu. Kwamba nililitukana kabila lake kwa kosa ambalo hakulitenda yeye wala kabila lake.

"Rudia hapo kwa ng'ombe," Nchagwa akasema.

Nikarudia hapo kwa ng'ombe.

"Tena. Kuna mtu amechelewa kufika."

Nikarudia tena, jasho limelowesha kola. Nikamaliza. Nikakunja karatasi.

Nchagwa akawageukia wenzake. "Alama ngapi?"

"Tano!" mmoja akapiga kelele.

"Mpeni saba," akasema Nchagwa. "Leo hajajisifu."

Halafu akainua baiskeli yake ndogo, akaniwekea mbele ya miguu.

"Cheni inalegea. Angalia."

Mwaka uliofuata alifikisha ushindi wa tano, na Kisumu wakamchukua. Cheni yake ilikuwa imekazwa na mimi.

Siku hizi nikiletewa neno linaloniudhi, na umri huu yanaletwa mengi, sianzi kuuliza nani alisema. Nakaa kwanza kwenye ndoo yangu, natafuta kama halina mwandiko wa kulala.